Fangasi zinazorudi kwa mwanamke wa baiskeli: bukta, siti, dawa, na kipi ukilipie kwanza

Jumapili moja ya mwezi wa pili, joto la kaskazi limekaa juu ya lami kama kifuniko cha sufuria, tulifika Bagamoyo kwa baiskeli, tumelowa kana kwamba tumetoka baharini. Kutoka Mwenge ni kilomita zinazokaribia 60. Tukaagiza supu ya pweza na chapati, tukakaa kwenye viti vya plastiki, soga zikanoga, saa mbili zikapita. Tukapanda tena, tukarudi na bukta zilezile. Jumatano nikaanza kuwashwa.

Ilikuwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja. Nilipowauliza wanawake wenzangu wa msafara, kila mmoja alikuwa na tiba yake. Mmoja akasema badili siti. Mwingine akasema vaa chupi ya pamba ndani ya bukta. Wa tatu akanitajia mtindi, na dada mkubwa wetu akasema chanzo ni hawa wanaume zetu. Nimeyapitia karibu yote, isipokuwa hilo la mwanaume, kwa sababu kwa fangasi za ukeni madaktari kwa kawaida hawamtibu mwenzi asiye na dalili. Hapa nayaweka ubavu kwa ubavu ili usije ukalipia kila kitu kama nilivyolipa mimi.

Kununua dawa moja kwa moja, au kupima kwanza

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo pesa yangu nyingi ilipozama.

Njia ya kwanza unaijua. Unaingia duka la dawa, unangoja wateja wa kiume watoke, unainamia dirisha na kunong'ona. Muuzaji anakujibu kwa sauti ya mpiga debe. Unatoka na kidonge. Ni haraka, ni bei nafuu, na kama kweli ni fangasi za kawaida, mara nyingi dawa inafanya kazi.

Kazi iko kwenye hilo "kama". Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachunguza wanawake waliokuwa wananunua dawa ya fangasi wenyewe bila kuandikiwa. Waliokuwa na fangasi peke yake walikuwa kama theluthi moja tu. Wengine walikuwa na kitu kingine, au mchanganyiko, au hawakuwa na ugonjwa wowote.

Kuchanganya ni rahisi kweli. Fangasi huleta mwasho mkali, uchafu mweupe mzito wa mabonge kama maziwa mgando, na mwako pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka. Kwa kawaida harufu mbaya haipo. Ukiona majimaji mepesi ya kijivujivu yenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, hapo ni bakteria wa ukeni waliovurugika, na dawa ya fangasi haiwagusi. Majimaji ya njano au ya kijani yenye povu yanaelekea kwenye trikomona, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi lazima atibiwe. Halafu sisi wa baiskeli tuna la kwetu: ngozi iliyosuguliwa tu. Inawaka, inavimba, inawasha, na fangasi hakuna hata moja.

Njia ya pili ni kwenda maabara wakuchukue kipimo cha HVS. Ni kijiti chenye pamba, dakika moja ya kubana meno, kisha majimaji yanaangaliwa kwa darubini. Wakipima na pH, yaani kiwango cha uchachu, inasaidia: kwenye fangasi huwa ya kawaida, kati ya 3.8 na 4.5, ikizidi 4.5, wanaanza kufikiria bakteria au trikomona. Kama tatizo linarudi, omba sampuli ioteshwe maabara ijulikane ni fangasi za aina gani. Fangasi nyingi za ukeni ni za aina ya Candida albicans, ila kuna jamaa yake, glabrata, ambayo dawa tuliyoizoea ya kumeza, flukonazoli, haiiwezi vizuri. Unaweza kumeza vidonge mwaka mzima ukidhani baiskeli ndiyo mchawi.

Siku hiyohiyo pima sukari na VVU. Sikutishi. Sukari isiyodhibitiwa na kinga iliyoshuka ni sababu zinazojulikana za fangasi kurudi, na hakuna bukta inayotibu hayo.

Kwa madaktari, zikikupata mara 3 au zaidi ndani ya miezi 12, ndipo zinaitwa za kujirudia. Ndizo hizo ambazo mabango ya waganga mtaani yanaziita "fangasi sugu", zikiandikwa mstari mmoja na "UTI sugu". Na mstari huo una ukweli wake, ingawa waganga hao hawakuukusudia. Mara yangu ya pili na ya tatu zilianza hivi: nilihisi mwako wakati wa kukojoa, nikaambiwa dirishani ni UTI, nikapewa amoksilini bila kipimo chochote. Antibayotiki haichagui, inaua na wale bakteria wazuri wanaowazuia fangasi wasitambe. Siku chache baadaye, mwasho. Ya nne nilipoipima, zilikuwa fangasi kweli. Ya tano, niliyokuwa tayari kuapa kwa Mungu kwamba ni fangasi, maabara hawakuona kitu: ilikuwa ngozi imechubuliwa na siti na sabuni ya kufulia yenye manukato.

Kwa hiyo kati ya njia hizi mbili, hukumu yangu haina ubishi. Kama umewahi kupimwa na dalili ni zilezile kabisa, dirisha la dawa si kosa. Ikifika mara ya tatu, gharama ya kipimo ni ndogo kuliko vidonge utakavyobahatisha. Na kama una mimba, una homa, au tumbo la chini linauma, hapo mambo ya kuchagua hayapo, nenda hospitali.

Bukta yenye sponji, au taiti na chupi ya pamba

Bukta ya baiskeli ina sponji chini, kile kipande kinene ambacho mtoto wa dada yangu alikiita godoro. Imetengenezwa ivaliwe bila chupi. Kitambaa cha juu ya sponji kinavuta jasho kutoka kwenye ngozi, na hakina mshono pale unapokalia. Uzuri wake: kwa safari ya saa mbili, tatu, hakuna kinachoikaribia kwa kupunguza msuguano. Ubaya wake: sponji ikishalowa inakaa na unyevu kama kitambaa cha kudekia, tena palepale pasipotakiwa.

Upande wa pili kuna skintaiti au taiti ya kawaida, na chupi ya pamba ndani. Hii ndiyo wanawake wengi wa mjini wanaivaa, wengine chini ya sketi au dera, na wale wa buibui huvaa hivyohivyo ndani. Pamba inapitisha hewa, inafuliwa kirahisi, na unazo tayari kabatini. Kwa mwendo wa nusu saa kwenda kazini umekaa wima, inatosha kabisa, sioni sababu ya kutoa pesa ya bukta. Ikizidi saa moja, pamba iliyolowa inajikunja, mshono wa pembeni unaanza kukata kwenye mkunjo wa paja, na ngozi iliyokatika ni mlango wazi.

Kuna wanaochanganya, yaani bukta yenye sponji na chupi ndani. Nimejaribu. Unapata ubaya wa pande zote mbili: mshono unarudi, jasho linanaswa katikati. Na zile pedi ndogo za kila siku, wengine huziweka ili "kulinda" sponji. Zinaongeza joto na plastiki. Ziache.

Tusidanganyane: tafiti kuhusu nguo za kubana na nailoni hazikubaliani. Nyingine zinaona uhusiano na fangasi, nyingine hazioni. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia bukta ya bei mbaya kwa ahadi kwamba fangasi zitakoma. Ninayo hoja moja tu ya kununua, nayo ni hesabu: bukta mbili za bei ya kati ni bora kuliko moja ya kifahari, kwa sababu ukiwa na moja, utaivaa mbichi siku moja. Utajiambia imekauka. Haijakauka.

Mtumba je? Soko la Karume unaweza kuokota bukta nzuri ya Ulaya kwa bei ya soda mbili tatu. Lakini fikiria: TBS, shirika la viwango, ilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na bukta hii inavaliwa bila chupi, kwa hiyo kwa kazi yake ni nguo ya ndani ya mtu mwingine, hata kama muuzaji ameitundika pamoja na jezi. Sponji ya mtumba pia huwa imeshalala. Jezi ya mtumba, sawa. Bukta, hapana.

Saa mbili za supu

Hapa ndipo ninapotofautiana na msafara wangu. Wote tunabishana kuhusu kinachovaliwa safarini, ilhali baiskeli ikiwa inatembea walau kuna upepo, unasimama juu ya pedali, ngozi inapumua. Kinachoharibu ni kukaa na sponji iliyolowa baada ya safari. Plastiki chini, jasho katikati, joto la nyuzi 32.

Machaguo ni matatu. Ukae nayo, kama nilivyokuwa nafanya. Utafute choo ubadilishe, na wanaokijua choo cha kibandani wanajua kwa nini hatufanyi hivyo: sakafu imelowa, mlango haufungi, unasimama mguu mmoja kama korongo. Au khanga.

Khanga moja iliyokunjwa vizuri inaingia mfuko wa mgongoni wa jezi pamoja na chupi kavu ya pamba ndani ya kimfuko. Ukifika unajifunga kiunoni, unaishusha bukta ukiwa umesimama palepale nyuma ya mti au ya ukuta, unavaa chupi, unakaa na khanga yako kula supu. Bukta unaigeuza ndani nje, unaitandika juu ya usukani juani. Jua la Bagamoyo la saa nne litapunguza unyevu sana kabla hujarudi, ingawa sponji nene haitakauka yote. Kama safari ni ya kwenda na kurudi, bukta ya pili ndiyo jibu. Dada zetu wa kizungu wananunua vazi maalumu la kubadilishia nguo hadharani. Sisi bibi zetu walishalimaliza hilo.

Kwa wanaoenda kazini ni hivyohivyo. Usiingie kwenye kikao cha saa tatu na taiti ya safari chini ya sketi. Nusu saa baada ya kushuka, uwe umeshavaa kikavu.

Kuanika nje, au kuficha bafuni

Tumelelewa kwamba chupi haianikwi hadharani. Inafichwa chini ya khanga nyingine kambani, au inaning'inia bafuni nyuma ya mlango. Heshima ni heshima, lakini bafu la Dar wakati wa masika halikaushi kitu. Bukta yangu iliwahi kukaa huko siku mbili na bado sponji ilikuwa ya baridi ukiigusa.

Nimeamua hivi: naifua kila baada ya safari, siku hiyohiyo, hata kama nimevaa dakika 40. Naisuuza mara mbili, situmii dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba kitambaa kisivute jasho, tena ina manukato. Kisha naianika nje ndani nje, jirani atazame akitaka. Aliwahi kuniuliza kama hilo ni pedi ya tembo. Mvua ikinyesha wiki nzima, naitundika mbele ya feni usiku. Pasi usiipitishe, mpira wake unaungua.

Siti pana ya laini, au nyembamba yenye mfereji

Siti pana yenye jeli inavutia mkono dukani. Ukikaa wima kabisa kwenye baiskeli ya mjini, mifupa ya makalio inabeba uzito wote na siti hiyo inakufaa. Ukiinama mbele kwa safari ndefu, unazama ndani yake, jeli inapanda katikati na kukandamiza nyama laini, mapaja yanasugua pembeni. Joto haliondoki.

Siti nyembamba yenye mfereji au tundu katikati inaonekana kama adhabu, lakini inapunguza mgandamizo pale mbele na kuacha hewa kidogo. Sharti upana uwe wako. Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya ngazi, kikalie umeinama kidogo mpaka mifupa ya makalio iache mashimo mawili, kisha pima umbali kati ya katikati ya shimo moja na la pili. Ongeza kama sentimita 2, hapo ndipo pa kuanzia. Siti iwe sambamba na ardhi au pua ishuke kidogo tu.

Siti itakuondolea msuguano. Fangasi zenyewe haiziondoi. Kwangu ndiyo iliyomaliza ile mara ya tano, na kwa mara nne za mwanzo isingesaidia kitu.

Kupaka, kuosha, kujifukiza

Krimu za wapanda baiskeli zipo za aina mbili kubwa: zenye mentholi inayopoza, na zisizo nayo. Zile za kupoza kwa mwanamke ni moto wa pilipili, usiulize nimejuaje. Chagua isiyo na mentholi wala harufu, paka kidogo kwenye mkunjo wa paja na pale mfupa unapokaa tu. Mafuta ya mgando na ya nazi ni ya bei nafuu na yanateleza vizuri, ila yanaganda kwenye sponji na hayatoki kwa fuo moja, na yanaharibu kondomu za mpira. Yoyote unayochagua, yaishie nje.

Kuosha: nje kwa maji, ndani uke unajisafisha wenyewe. Sabuni maalumu za ukeni, ndimu, Dettol, kitunguu saumu, vyote vinachoma au kuvuruga bakteria wazuri. Udi uufukize kwenye nguo na nywele. Mtindi kunywa, ni chakula kizuri; kuuingiza hakujathibitishwa kutibu.

Kidonge cha kuweka, cha kumeza, au miezi sita

Ukishapimwa na ni fangasi kweli, mbio ya kwanza ina farasi wawili. Klotrimazoli ya kuweka ukeni, miligramu 500 usiku mmoja au 100 kwa usiku sita hadi saba. Na flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja. Kwa fangasi za kawaida zinakaribiana nguvu. Tofauti ni za maisha. Ya kuweka inavuja asubuhi, kwa hiyo usipange safari kesho yake, na inaweza kudhoofisha kondomu. Lakini ndiyo inayotumika wakati wa mimba, kwa zile siku saba. Ya kumeza haina usumbufu, ila mjamzito hapewi, na inagongana na baadhi ya dawa nyingine, zikiwemo za kuzuia damu kuganda. Mwambie mfamasia unachotumia.

Zinazojirudia ni habari nyingine. Daktari huweza kuandika flukonazoli siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi sita. Utafiti mkubwa wa mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake 387 kwa mpango huo wa kila wiki: mwisho wa miezi sita, asilimia 90.8 ya waliomeza dawa walikuwa salama, dhidi ya 35.9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Miezi sita baada ya kuacha, walikuwa 42.9 dhidi ya 21.9. Yaani dawa inafanya kazi vizuri sana ukiwa unaimeza, na ukiacha zaidi ya nusu zinawarudia. Ni namba za kukatisha tamaa kidogo, lakini miezi sita ya amani si haba, na ndiyo nafasi ya kurekebisha hayo ya sponji na amoksilini. Huu si mpango wa kujipangia dirishani. Na vidonge vya asidi ya boriki, ambavyo daktari huweza kuchagua kwa zile za glabrata, ni vya kuweka ukeni tu: vikimezwa ni sumu, usiviache mahali mtoto anafika.

Wakati mwasho upo, pumzisha baiskeli siku mbili tatu. Ngozi iliyovimba juu ya siti haiponi.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu

Mwezi huu una hela ya kimoja: pima. Mwezi ujao: bukta ya pili, mpya, ya bei ya kati. Khanga unayo. Krimu, kama safari zako zinazidi saa mbili. Siti iwe ya mwisho, tena baada ya kukalia boksi, isipokuwa maabara wakikuambia hawakuona kitu na bado unawaka. Hapo ianze siti.

Jumapili iliyopita tulikuwa Bagamoyo tena. Wanne kati yetu tulikula supu na khanga viunoni, na bukta nne zilikuwa zimetandikwa juu ya usukani kama samaki wa kukausha. Mwenye kibanda alitutazama, akatikisa kichwa, akatuongezea ndimu.